Kumwona Mzazi: Kweli na Uongo Kuhusu Ziara za Nyumbani kwa Mama wa Mara ya Kwanza

Binti akipata mimba ya kwanza Unga Limited, Sombetini au Muriet jijini Arusha, habari hufika mtaa wa pili kabla kadi ya kliniki haijaandikwa jina. Kila mtu ana lake la kusema. Huyu anasema maisha ya binti yameishia hapo, yule anasema serikali itamlea. Mwingine anaonya kwamba yule dada anayepita nyumba kwa nyumba na daftari ametumwa kuchunguza watu.

Binti mwenyewe si peke yake. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 27. Kiwango kinashuka, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Njia mojawapo ya kuwasaidia ni ziara za nyumbani. Muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefunzwa humtembelea mama tangu akiwa mjamzito, tena na tena, hadi mtoto afikishe miaka miwili hivi. Hufuatilia afya na malezi, lakini pia huuliza swali ambalo wengi hulikwepa: mama mwenyewe anarudi lini darasani au kazini? Tanzania haina mpango mmoja wa taifa unaobeba yote hayo kwa ajili ya mama wa mara ya kwanza peke yake. Vipo vipande vyake, kila kimoja na ofisi yake. Hapa tunazipima kauli kumi zinazosikika Arusha mjini na vijijini chini ya Mlima Meru.

Kauli ya 1: "Kutembelea wazazi nyumbani ni mambo ya wafadhili."

UONGO. Hakuna aliyelelewa Akheri, Poli au Nkoaranga asiyejua kwenda kumwona mzazi. Shangazi, mama wadogo na majirani huingia na mtori, maziwa, sabuni na kanga. Mzazi hulishwa, mtoto huogeshwa, na binti huelekezwa namna ya kumshika na kumnyonyesha mtoto. Desturi hiyo ina nguvu, ila hukoma mapema. Siku arobaini zikipita wageni hupungua, na hapo ndipo maswali magumu ya ada, kazi na mtoto wa pili huanza. Isitoshe, binti aliyekuja mjini kutoka Kondoa, Singida au Babati kutafuta kazi, akapanga chumba kimoja, hana shangazi wa kumbishia hodi.

Kigeni ni utaratibu wenyewe: anakuja mtu yuleyule, kwa ratiba, kuanzia ujauzito hadi miaka miwili. Utaratibu huo ulianza kujaribiwa mwaka 1977 katika mji wa Elmira, jimbo la New York, na mwanasaikolojia David Olds, na leo unajulikana kama Nurse-Family Partnership. Uliwalenga wanawake wa kipato kidogo wenye mimba ya kwanza, kwa hoja kwamba mama wa kifungua mimba ndiye aliye tayari zaidi kusikiliza na kuuliza, kwa kuwa kila kitu ni kipya kwake.

Na kwetu ziara si ngeni. Zanzibar ina mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wake wa kujitolea huzitembelea familia za Unguja na Pemba wakiwa na simu zinazowaelekeza hatua kwa hatua. Mwaka 2021 mpango huo ulikuwa umefika wilaya zote. Bara, serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwafunza na kuwapeleka kwenye mitaa na vitongoji wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano.

Kauli ya 2: "Binti akipata mimba, shule ndiyo basi."

UONGO, tangu Novemba 2021. Wanaoisema kauli hii hawakuitoa hewani. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kufukuzwa kwa mwanafunzi, na mimba ilihesabiwa kuwa kosa la maadili. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitamka kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Kauli ile ilisikika hadi kijiji cha mwisho, na mpaka leo wako wazazi wasiojua kwamba mambo yamebadilika.

Tarehe 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwamo, wataruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukafuata, na mwaka 2022 ukatoka mwongozo wa utekelezaji unaompa mwanafunzi miaka miwili ya kurudi tangu alipoacha. Mwaka huohuo Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba kuwafukuza wasichana hao kulivunja haki zao.

Hiyo miaka miwili ndiyo inayoipa ziara ya nyumbani uzito. Binti aliyeacha shule mimba ikiwa na miezi minne, akajifungua, akanyonyesha, akasubiri mtoto apate nguvu kidogo, ameshatumia zaidi ya mwaka mmoja. Asipokuwepo mtu wa kumhesabia miezi na kumsindikiza kwa mwalimu mkuu, muda unamwishia huku anaosha vyombo kwa watu. Kwa aliyechelewa, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: anaweza kusoma nje ya mfumo rasmi, akafanya mtihani wa maarifa ambao wengi wanauita QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Novemba, lakini kujiandikisha huanza mapema mwaka, na wengi hukosa kwa sababu tu hakuna aliyewakumbusha. Anayetaka ufundi ana vyuo vya VETA, kikiwamo kile cha hoteli na utalii kilichoko Njiro, katika mji unaoishi kwa watalii.

Kauli ya 3: "Akirudishwa darasani ataharibu wenzake."

UONGO. Kama mama mwanafunzi angeambukiza mimba, Kenya ingekuwa imeshalipa gharama hiyo. Nchi hiyo imewaruhusu wasichana waliozaa kurudi shule tangu mwaka 1994. Utafiti wake wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Sisi, tuliofunga mlango kwa miaka mingi, mwaka huohuo tulikuwa na asilimia 22. Tarakimu hizo hazithibitishi kwamba sera ya kurudi shule ndiyo iliyopunguza mimba, kwa maana mambo mengi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Zinatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba mlango ulio wazi haukuleta gharika.

Kauli ya 4: "Anayekuja nyumbani anamjia mtoto, masomo na kazi ya mama si kazi yake."

UONGO. Kweli, ziara nyingi huanzia kwenye mwili: dalili za hatari, chakula, maandalizi ya kujifungua. Baada ya uzazi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto mchanga aonwe ndani ya saa 24 za kwanza na tena siku ya tatu. Hayo hayarukwi. Lakini mpango mzuri huanza mazungumzo ya maisha ya mama tumbo likiwa bado dogo. Uliacha darasa la ngapi? Vyeti viko wapi? Nani atakaa na mtoto ukiwa shuleni? Mwenye saluni uliyokuwa unasukia anajua utarudi?

Swali zito kuliko yote ni la mimba ya pili. Shirika hilo linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ushauri huo hutolewa kwa sababu za afya, ila una faida ya pili: ndani ya miezi hiyo ndimo shule humalizika au ufundi hukamilika. Binti mwenye mtoto mmoja akipata wa kumshikia anaweza kukaa darasani. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja na mimba ya miezi sita ana safari ndefu zaidi. Elmira ilionyesha jambo hilohilo. Miongoni mwa wanawake maskini wasioolewa, waliotembelewa na wauguzi walichelewa kupata mimba nyingine na wakakaa kazini miezi mingi kuliko wenzao wasiotembelewa.

Faida humfikia mtoto pia. Huko Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, kundi la Sally Grantham-McGregor lilianza kuwafuata watoto 129 waliodumaa. Kwa miaka miwili, wahudumu wa jamii walikwenda nyumbani kila wiki kumfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vifaa vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye, waliopata ziara zile walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakuzipata.

Kauli ya 5: "Ushauri mzuri unatosha, akihamasika atajitafutia."

UONGO, na ndio unaotugharimu zaidi. Mama lishe wa soko la Kilombero jijini Arusha huwasha jiko kabla ya alfajiri. Kibarua wa shamba la maua upande wa Usa River huondoka nyumbani kukiwa bado na giza. Mfanyakazi wa hoteli huwa na zamu ya usiku. Unaweza kumpa binti semina zote za ujasiriamali, lakini saa kumi na moja asubuhi swali ni moja tu: mtoto anabaki na nani?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na jirani zetu wa Nairobi wamelipima jambo hilo kwa utafiti. Katika mtaa wa Korogocho, watafiti wakiwamo wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika waliwagawia baadhi ya akina mama vocha za kulipia malezi ya mchana ya watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliopewa vocha walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na kazi, kwa pointi 8.5 za asilimia, kuliko ambao hawakupewa. Akina mama wanaolea peke yao waliweza hata kupunguza saa za kazi bila kipato kushuka. Hakuna aliyewahamasisha wapende kufanya kazi. Walikuwa wanataka kazi tangu mwanzo, wakakosa pa kumweka mtoto.

Arusha vipo vituo vya kulelea watoto mchana, na kisheria husajiliwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Shida ni kwamba vingi humtaka mtoto aliyefikia miaka miwili hivi, na ada yake humeza mshahara wa kibarua. Kwa mtoto wa miezi sita, kinachobaki ni bibi, jirani au dada mdogo anayekatizwa masomo ili amlee mtoto wa dada yake. Hapo tunamwokoa mmoja na kumzamisha mwingine. Mtembeleaji makini hulijua hilo, hivyo haondoki hadi apate jibu la nani atamshika mtoto, kwa siku zipi na kwa malipo gani. Na mpango makini hutenga fedha ya malezi ya mchana kabla ya kutenga fedha ya fulana na mabango.

Kauli ya 6: "Kilichofaulu ng'ambo kitafaulu na hapa."

NUSU KWELI. Uingereza iliuchukua mpango wa Marekani karibu ulivyo na kuujaribu kwa akina mama vijana zaidi ya 1,600. Ripoti iliyotoka mwaka 2016 haikuona tofauti katika mambo makuu yaliyopimwa: uvutaji sigara katika ujauzito, uzito wa mtoto, mimba ya pili ndani ya miaka miwili, na watoto kukimbizwa hospitali kwa dharura. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba hata wale wasiokuwa kwenye mpango walikuwa wanahudumiwa vizuri na wakunga na wauguzi wa kawaida. Ziara huleta tofauti kubwa pale ambapo pengo ni kubwa.

Pengo letu ni kubwa, na ushahidi wa nyumbani upo. Katika vijiji 12 vya eneo la Ifakara mkoani Morogoro, wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliwatembelea akina mama na watoto wadogo, wakichanganya masuala ya afya, lishe na michezo ya kumchangamsha mtoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha watoto hao wakiendelea vizuri zaidi kiakili. Kwa hiyo mtu wa hapahapa, aliyefunzwa vizuri, anaweza. Lakini Ifakara ilipima maendeleo ya mtoto. Masomo na ajira ya mama ni mtihani mwingine.

Arusha nayo si moja. Jiji lilihesabiwa watu 617,631 katika sensa ya 2022, na katika nyumba za kupanga mtu huhama kila kodi inapopanda. Mama uliyemwona Sombetini Januari, Juni yuko Muriet. Upande wa milimani, binti hakai mbali, ila anaishi kwa wakwe, na mama mkwe ndiye mwenye uamuzi. Ukienda Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki, umbali kati ya boma na boma hula siku nzima. Ratiba moja haiwezi kuzitosha sehemu zote tatu. Jijini mtembeleaji anahitaji simu na njia ya kumfuata mama aliyehama, milimani anahitaji ruhusa ya mama mkwe, na kwenye tambarare kavu anahitaji nauli ya bodaboda.

Kauli ya 7: "Mjamzito kazini hana chake."

UONGO kwa aliyeajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Kumwachisha kazi kwa sababu ya ujauzito si halali. Baba naye ana angalau siku tatu.

Yapo masharti ambayo wengi hawaambiwi. Mama anatakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kwa kawaida aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo, lakini sheria imemkumbuka mfanyakazi wa msimu. Anayefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja kwa mwaka, na jumla ikazidi miezi sita, naye ana haki. Katika mkoa wa maua, kahawa na hoteli zinazojaa na kupungua kwa msimu, kifungu hicho kinawagusa wengi. Binti akitembelewa mimba ikiwa na miezi mitano, bado ana muda wa kuandika barua. Akitembelewa baada ya kujifungua, huenda haki imeshampita.

Kwa muuza genge, msusi na mama lishe hakuna mwajiri wa kupelekewa barua. Hao sheria hii haiwafiki, na ndio wengi.

Kauli ya 8: "Mkopo wa halmashauri utamtoa."

NUSU KWELI. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa, ukarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fursa ni ya kweli, na mahali pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Lakini mkopo huo hutolewa kwa kikundi chenye shughuli, na mama mwenye kichanga mara nyingi hana kikundi. Akiwa chini ya miaka 18, hawezi kabisa. Vilevile ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hulipwa kwa kaya, wala haimlengi binti mwenyewe. Akiishi kwa mama yake, fedha inaingia kwenye mahitaji ya wote. Mtembeleaji mzuri hamsukumi mama kukopa mtoto akiwa na miezi miwili. Humwingiza kwanza kwenye kikoba kidogo cha wanawake wanaofahamiana, ajizoeze kuweka akiba, ajifunze biashara, kisha kikundi kikikomaa kiombe mkopo. Aliyekopa kabla ya kujua auze nini huishia kuuza cherehani ili alipe deni.

Kauli ya 9: "Baba akikana mimba, mambo yameisha."

UONGO. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mama, awe ameolewa au hajaolewa, kuomba mahakama itambue baba wa mtoto na kuamuru matunzo. Ombi la kumtambua baba linaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa, na mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye mara nyingi huwaita wote wawili na kujaribu makubaliano kwanza.

Kwa aliyekuwa mwanafunzi ipo sheria kali zaidi: tangu mabadiliko ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ukali huo una upande wa pili. Familia nyingi humaliza mambo kimyakimya, ng'ombe wawili au laki kadhaa, na binti hufundishwa kusema hamjui aliyempa mimba. Mtembeleaji anaingia nyumba yenye siri hiyo. Kazi yake ni kumlinda binti na kumwonyesha njia ya dawati la jinsia la polisi na ustawi wa jamii. Kuhukumu ni kazi ya mahakama.

Baba aliyepo naye asisahauliwe. Mazungumzo yakimjumuisha yeye pamoja na bibi, mpango wa nani atamshika mtoto hupata watu wa kuutekeleza.

Kauli ya 10: "Yule anayepita nyumba kwa nyumba ni mpelelezi."

UONGO, lakini woga una sababu. Binti anayehojiwa mbele ya wapangaji wenzake, kisha akasikia habari zake bombani kesho yake, hatafungua mlango mara ya pili. Mhudumu wa jamii ni jirani, na hapo ndipo penye faida na hatari. Anajua pa kukupata, na anawajua wanaotaka kujua habari zako.

Una haki ya kuuliza. Mhudumu wa kweli hutambulishwa na serikali ya mtaa au kituo cha afya, hatozi fedha, na hukuomba ruhusa kabla ya kuandika chochote. Unaweza kukataa, ukapanga siku nyingine, ukachagua mkutane kituoni. Upande wa pili, mhudumu anayezunguka mitaa bila posho ya uhakika atachoka, na akiacha, mama anabaki na mgeni mpya asiyemjua. Kazi ya kujenga imani haifanyiki kwa mtu anayebadilika kila miezi mitatu.

Tupime kwa kitu gani?

Ripoti za miradi hupenda kuhesabu nyumba zilizotembelewa. Hiyo ni hesabu ya viatu vilivyochakaa. Kipimo cha haki ni hiki: siku mtoto anapotimiza miaka miwili, mama yake yuko wapi? Darasani, chuoni, kwenye kazi yenye kipato, au palepale alipoachwa?

Vipande vya jibu vimeshapatikana. Waraka wa kurudi shule upo, sheria ya kazi ipo, mikopo ipo, wahudumu wanafunzwa, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii iko Tengeru, chini ya mlima wenyewe, ikiwaandaa watu wa kazi hii. Kinachopungua ni fedha za malezi ya mchana, na mtu mmoja wa kuviunganisha vipande hivyo mlangoni kwa mama.

Madiwani wa Jiji la Arusha na wa halmashauri za Arusha na Meru watenge fungu la malezi ya watoto chini ya miaka miwili. Wakuu wa shule wabandike Waraka Na. 2 mahali unaposomeka. Waajiri waheshimu siku 84 na saa mbili za kunyonyesha bila kusubiri kushtakiwa. Na wewe msomaji, ukienda kumwona mzazi wa mara ya kwanza mtaani kwako, peleka mtori na kanga kama kawaida. Kisha mwulize anataka kurudi wapi na lini, na utaje siku utakazomshikia mtoto.